Vidonge Visivyogawika

Kama umeambiwa jana kwamba una kansa, usinisome leo. Kunywa chai, lia, gombana na mtu wa nyumbani mwako, kisha ulale. Maneno yangu yatakungoja. Mimi niliambiwa asubuhi, na mpaka jua linazama sikuwa nasikia ila mlio wa masikio yangu mwenyewe. Mtu angenipa kitabu kizima cha faraja ningekitumia kufukuzia nzi.

Kama umeshalala, karibu. Naitwa Atija, mzaliwa wa Palma, pwani ya kaskazini mwa nchi yetu. Uhuru wetu ulikuwa bado mchanga, tukiitana camarada, yaani komredi, hata na mtu uliyenyonya naye ziwa moja, na mimi nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma na kuandika kwenye banda nyuma ya shule. Mume wangu Sumaila ni fundi seremala, mtu ambaye mdomoni mwake misumari hukaa muda mrefu kuliko maneno. Tulikuwa na binti mmoja, Zainabo, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele.

Nilishika mimba ya pili, na tumbo likakua kwa haraka hata majirani wakaanza kunitania kuwa nimebeba mapacha. Mama mkwe wangu, Bi Ancha, alikwisha kutenga khanga mbili za kubebea. Mimi nilikuwa natapika mpaka nyongo, nikajisemea ndiyo mambo ya mapacha. Kisha damu ikaanza, na kilichotoka hakikuwa mtoto. Vilikuwa vilengelenge vya maji, vishada kwa vishada, mfano wa zabibu. Hospitalini wanaiita mimba zabibu. Bi Ancha aliviona, akatoka uani, na jioni nikamsikia akimwambia mwanawe kwamba shetani ameila mimba.

Pemba, mji wa mkoa wetu huku bara, hospitalini walinisafisha, nikarudi nyumbani nikidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Damu ilirudi, mara hii pamoja na kikohozi, na siku nilipokohoa nikaona wekundu kwenye khanga, nilimwita Sumaila nikamwonyesha, akautazama mpaka nikachoka kuushika ule upindo. Tukarudi Pemba. Daktari wa huko, mwanamke wa Kizungu aliyekuja kuisaidia nchi changa, alinishika mkono akaniambia mabaki ya mimba ile yamegeuka kansa, na yamepanda mapafuni. Halafu akasema neno jingine, nami sikulisikia. Ilibidi muuguzi anifuate kwenye benchi la nje anirudilie maneno yake: kwamba katika kansa zote, hii yangu ni ile inayosikia dawa, kwamba dawa yenyewe nchi inainunua, na italetwa kutoka mji mkuu mpaka Mocímboa, nikalazwe huko karibu na kwetu.

Nakuomba uishike hiyo. Ukienda kusikiliza majibu, nenda na mtu wa pili. Masikio ya mgonjwa hufunga mlango baada ya neno la kwanza.

Hospitali ya Mocímboa asubuhi ilianza kwa mawe. Watu wa mbali walifika alfajiri, kila mmoja akaweka jiwe lake kwenye bicha, ndivyo tuitavyo foleni, kisha akaenda kukaa kivulini; jiwe likamshikia zamu. Ndivyo tulivyofanya dukani kwa sukari na mafuta ya taa, na ndivyo tulivyofanya kwa daktari. Nilimwona mzee mmoja akigombana mpaka jasho likamtoka kwa sababu jiwe lake limesogezwa nyuma. Tulicheka, lakini hakuna aliyemwona mjinga. Wakati ule aliyetangulia ndiye mwenye haki, na kikija kidogo wote wanaonja. Hatukuhitaji kufundishwa.

Wodi ya wanawake ilikuwa chumba kirefu kinachotazama mikorosho. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Bi Muaziza wa Mbau, mlimaji wa mpunga, aliyelazwa kabla yangu. Alikuwa na kansa ya titi, kidonda kilichokwisha kumla hadi kwapani, na kila asubuhi alipachika majani ya rehani ndani ya khanga yake ili sisi wengine tusisumbuliwe na harufu. Ulimi wake ulikuwa mkali. Siku ya kwanza alinitazama nikikohoa, akaniuliza kama nimekuja kuugua au kuamsha watu. Siku ya pili alinipa nusu ya papai lake. Baada ya hapo hatukuachana.

Daktari wetu alikuwa kijana kutoka Inhambane, Daktari Jossias, aliyepelekwa kaskazini moja kwa moja kutoka chuoni, na Kiswahili chake kilikuwa salamu na "pumua". Kila alichosema kilipita kinywani mwa Bernardo, muuguzi Mmakonde wa Mueda, aliyejifunza Kiswahili na kufunga vidonda kule Tanzania wakati wa vita vya ukombozi. Daktari hakunificha kitu. Kansa hii inakimbia, alisema, na dawa isipofika mapema itamkuta mtu wa kuzikwa.

Mvua za mwaka ule zilikuwa na hasira. Lori la dawa lilikwama Awasse, pale njia panda, barabara imegeuka uji. Kila asubuhi Bernardo alitoka kuulizia madereva, akarudi ametia mikono mifukoni, nami nikajua. Kikohozi kilinizidi. Sumaila alikuja kila alipopata gari, ananiletea samaki mkavu na unga, anakaa ukingoni mwa kitanda akinichezea kidole gumba. Mama yake alikuwa anamshika atoe kauli: nirudishwe nyumbani nikatolewe shetani, naye atafutiwe mke mwingine azae. Hakuniambia, nilisikia kwa watu. Nilimwuliza amejibu nini. Alisema, "Nimemwambia nna kazi ya milango."

Ndugu yangu unayesoma, nilichukia jibu lile. Leo naliona lilikuwa ngao nzuri kuliko hotuba.

Lori lilipofika, sanduku langu lilikuwa dogo mno. Nilidhani dawa ya kansa huja kwa kishindo. Ndani mlikuwa na vichupa vya vidonge vya manjano, vidogo kama punje za mtama. Nilivitazama mwili ukanisisimka. Mahali fulani, katika mji nisiowahi kuukanyaga, watu walikaa mezani wakaulizana: mwanamke mwenye ugonjwa huu tumnunulie au tumwache? Wakasema tumnunulie. Hawakujua jina langu, wala kwamba nina binti kibogoyo anayeningoja Palma. Nchi yenyewe ilikuwa haina sabuni. Tulikuwa tunafua kwa majani ya mpapai. Na bado vidonge vilikuwa pale, juu ya shuka yangu. Nilisoma Alhamdu nikashindwa kuimaliza.

Siku hiyohiyo alikuwapo Rajabo, mtoto mkubwa wa Bi Muaziza, amekuja kumtazama mama yake. Rajabo alikuwa katibu wa ushirika wa Mbau, na sifa zake zilifika mbali: likija gunia moja la sukari, aligawa kwa kijiko mpaka kila nyumba ionje, na nyumba yake ikawa ya mwisho. Aliliona sanduku likiletwa kwangu. Akatazama kikabati cha mama yake, penye aspirini. Kisha akauliza, kwa upole, nani alilazwa kwanza.

Jumamosi ilikuwa siku ya mkutano. Enzi zile hakuna lililofanyika bila mkutano, na hospitali ilikuwa na wake. Wagonjwa wanaoweza kukaa walikaa barazani, wasioweza walisikiliza madirishani, na kila mtu, hata mfagiaji, alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa kawaida tulilalamikia uji. Jumamosi ile alisimama Rajabo.

Hakupiga kelele. Alisema mama yake ametangulia kulazwa, ana kansa, na dawa ya kansa imefika. Hakusudii kumnyang'anya mgonjwa mwenzake. Anataka kifanyike kile wanachofanya Mbau kwa sukari: kidogo kilichokuja kigawanywe. Nusu kwa mama yake, nusu kwangu, na lori lijalo vilevile. Barazani watu waliitikia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema hiyo ndiyo haki yenyewe. Hata mimi niliona ni haki. Ungeniuliza darasani kwangu ningejibu hivyohivyo.

Daktari Jossias alieleza, Bernardo akifasiri. Dawa hii si sukari, alisema. Nusu ya dawa haiponyi nusu ya mtu. Ugonjwa utaizoea, urudi na nguvu mpya, na hapo hata dawa nzima haitafaa kitu. Na kwa titi la Bi Muaziza vidonge hivi, hata akipewa vyote, havitamponya.

Rajabo akauliza kama ipo inayomfaa mama yake.

Daktari angeweza kusema haipo. Nimelifikiria hilo mara nyingi: angesema haipo, tungehamia kwenye uji. Alivua miwani akasema ipo, katika nchi nyingine. Haiponyi. Humwongezea mtu miezi michache, pengine, na miezi yenyewe ni ya kutapika. Gharama yake kwa mtu mmoja ni chanjo ya surua kwa watoto wa vijiji na vijiji. Chungu cha dawa cha taifa ni kimoja. Waliokaa kule mji mkuu walizitandaza dawa zote za kansa mbele yao, wakaiuliza kila moja: inamrudisha mtu nyumbani kwake, na inataka kiasi gani? Zinazorudisha watu tunanunua, hata kama mgonjwa ni mmoja nchi nzima. Zile nyingine wameziacha.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana Bi Muaziza alikuwa ameketi bega kwa bega nami, na yote hayo yamesemwa mbele yake. Nitakwambia pia lililo kweli. Ndani ya ile aibu mlikuwa na furaha, inachemka, siwezi kuifunika. Nilikuwa nimesikia kwamba mimi ni wa kurudi nyumbani.

"Nani amewapa mizani ya kumpima mama yangu?" Rajabo alisema. "Tulipigania nchi hii ili mtu asipimwe."

Daktari alimgeukia baada ya Bernardo kufasiri. "Umaskini wetu," alijibu. "Ningekuwa na mwingine wa kumlaumu, camarada, ningekutajia."

Hapo Bi Muaziza alinishika bega akasimama. Alikuwa mwepesi, sikuhisi uzito. Alijifunga khanga vizuri juu ya kidonda, akamtazama daktari kama anayemtazama muuza samaki.

"Hao waliokaa huko, wananijua mie?"

"Hapana, mamã."

"Na huyu Atija, wanamjua?"

"Hawamjui."

"Basi afadhali. Wangenijua wangeninunulia. Mie nnapendeka, muulize yeyote Mbau. Na huyu binti saa hizi angekuwa anachimbiwa kaburi."

Watu walicheka, wengine huku wakifuta macho. Mimi sikuweza kucheka wala kulia. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimewaona wakubwa wakishuka kwenye ndege na kupigiwa ngoma, na sijawahi kusimama karibu na mtu mkubwa kuliko yule. Alikuwa ametoka kuambiwa kwamba taifa limempima na kumwacha, naye akawa anawatetea waliompima kwa mzaha.

Lakini alikuwa hajamaliza.

"Ila kazi yenu mmeiacha njiani," alisema. "Kuna dawa ya kuniondolea maumivu nikalala?"

"Ipo."

"Ghali?"

"Si ghali."

"Yanifaa?"

"Ingekufaa sana, mamã."

"Basi iko wapi?"

Hilo la mwisho daktari alilielewa kabla Bernardo hajafungua kinywa. Wodi nzima tulijua jinsi yule mama alivyokuwa akiling'ata pindo la khanga ili asitusumbue kwa kuguna, na kila mmoja wetu alikuwa amemsifu kwa uvumilivu, kana kwamba uvumilivu ni dawa. Hakuna aliyeiomba ile dawa, kwa hiyo haikuwapo. Walipowagawa wagonjwa mafungu mawili, wa kurudi na wasiorudi, hawa wa pili walisahauliwa hapohapo. Daktari Jossias alisema amekosea. Jumatatu alipanda lori la muhogo yeye mwenyewe kwenda Pemba, matope kwa matope.

Mimi nikaanza vidonge vyangu, vyote, mvua ikipiga bati juu yetu.

Sasa nikwambie ya mwilini, maana ndiyo utakayoyakuta. Siku za kwanza sikuona kitu, nikaanza kujigamba. Kisha mdomo ukachubuka ndani, ulimi ukawa kama nimelamba kaa la moto, hata mate nikawa nayatema kwa kuogopa kuyameza. Maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, sukutua kila mara, hata kama yanachoma. Uji wa mtama uupoze kabisa. Papai bivu litakupenya pale ambapo chakula kingine kimekataa. Nywele zangu zilitoka kwa mashada zikabaki kwenye mto, na Bi Muaziza akasema sasa nimefanana na mwenyekiti wa kijiji chao. Nilicheka na midomo ikapasuka ikatoa damu. Nilimwambia ananiua kabla ya ugonjwa.

Vidonge vilikuwa na zamu: wiki ya kumeza, kisha kupumzika mpaka mdomo upone, kisha tena. Mapumziko ndiyo yaliyoniuma zaidi, kwa sababu ndipo nilipopata nguvu za kufikiri. Katika moja ya hayo Sumaila alimleta Zainabo. Mtoto alisimama mlangoni akinitazama kichwa, meno mapya yameanza kuchungulia, kisha akajificha nyuma ya Bi Ancha aliyekuja nao, akamwita yule bibi yake "mama". Hilo hakuna mtu aliyenitayarishia. Niligeukia ukutani.

Bi Ancha alimtuma mtoto nje na baba yake. Alikuwa amebeba chupa ya kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, na nilijua anakuja kunisomea shetani wake. Hakunisomea. Aliweka chupa chini, akaona beseni la vitambaa vyangu vya damu chini ya kitanda, vile ambavyo nilikuwa nikivificha mpaka nipate nguvu. Akalichukua, akaenda nalo kisimani. Aliporudi vitambaa vilikuwa vimekunjwa, bado vibichi, na mikono yake imesinyaa kwa maji. "Yule mtoto namwambia kila siku mama yako yupo," alisema. "Ila mtoto ana njaa ya neno lenyewe." Kombe nililinywa. Bernardo alisema maji ya Mungu hayagombani na vidonge vya serikali, mradi yachemshwe.

Daktari, aliporudi kutoka Pemba, alileta chupa ya rangi ya kahawia, dawa ya maumivu. Usiku wa kwanza Bi Muaziza alilala, na asubuhi alichelewa kuamka mpaka wodi nzima tukamzunguka. Mmoja wetu alianza kumsomea Yasini. Alifumbua jicho moja, akasema, "Soma polepole, watu tumelala." Tangu siku hiyo uso wake ulibadilika. Ulinyooka. Nikagundua kwamba sikuwahi kuuona uso wake, nilikuwa nimeona maumivu yake tu.

Rajabo aliendelea kuja kila wiki. Alisalimia wodi nzima kwa pamoja ili asilazimike kunisalimia mimi. Sikumlaumu. Nikisikia hodi yake nilijifunika shuka, nikiona haya kwa kila pumzi inayozidi kuwa nyepesi kifuani mwangu.

Na sasa vyura, maana bila wao hadithi haijakamilika. Kujua kama dawa inafanya kazi hatukuwa na mashine. Bernardo alifuga vyura dume kwenye pipa lililokatwa, akawa anachukua mkojo wangu na kuuingiza kwa sindano chini ya ngozi ya chura. Kama mwilini mwangu bado mna kile kitu cha ile mimba, chura hujibu kwa kutoa mbegu zake za uzazi, na Bernardo huziona kwenye darubini. Kama hamna, chura hukaa tu. Kumbuka tuko pwani, watu wanaojiheshimu, na mwanamke mzima anaulizwa kila mara: chura wako amesemaje? Bi Muaziza alitaka kujua kama mahari imelipwa. Mwanzoni chura alijibu, na akajibu tena. Nilikuwa namchukia kiumbe yule kama mke mwenza.

Mahindi mabichi yalipoanza kuuzwa barabarani, Bi Muaziza aliomba kuondoka. Mpunga wake ulikuwa unakaribia kuvunwa. Daktari alimpa chupa nyingine ya kahawia, akamfundisha Rajabo kuipima kwa kijiko, na nilimwona Rajabo, yule mtu wa vijiko, akisikiliza kwa makini na macho yamemjaa. Walimlaza juu ya magunia kwenye lori. Mimi nilisimama pembeni nikishika ubavu wa gari, machozi yananitiririka ovyo. Bi Muaziza aliinua kichwa kuniangalia.

"Usinililie, mwanangu. Machozi hayo yana dawa ya serikali ndani yake."

Lori likaondoka, na Rajabo hakunitazama.

Habari za Mbau zilitufikia kidogo kidogo. Kwamba ameketishwa kwenye jamvi ukingoni mwa shamba, anawaamrisha wavunaji. Kwamba amewafukuza wawili kwa uvivu. Nilipomsimulia Daktari Jossias, alikaa kwenye kitanda kitupu cha Bi Muaziza, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba yeye aliambiwa chuoni hakuna dawa ya kumrudisha mgonjwa kama huyo shambani. Akarudia neno shambani mara kadhaa.

Mpunga ulikuwa umeshaingia ghalani Bernardo alipokuja kitandani kwangu na mikono haiko mifukoni. Chura amekaa kimya, alisema. Nilimwambia ajaribu mwingine, huyo huenda ni mgonjwa. Alikwisha kujaribu mwingine. Kikohozi kilikuwa kimekwisha nami sikujua kilikwisha lini. Kitu kilichotaka kuniua kilitoka bila kuaga. Nilitoka nje nikashika mkorosho, nikatazama mikono yangu. Ilikuwa mikono ileile. Nakwambia kama ilivyokuwa: nilijiogopa, kama mtu anavyoogopa kitu kitakatifu alichoaminiwa akishike. Nilimeza zamu nyingine za vidonge kwa ajili ya kuhakikisha, vyura wakaendelea kunyamaza, na mwisho nikaruhusiwa kwenda zangu.

Bi Muaziza alifariki katika kiangazi, nyumbani kwake, usingizini. Arobaini yake iliangukia mikorosho ikitoa maua, na mimi nikiwa nimerudi Palma, nywele zimeota kama za mtoto mchanga, Zainabo analala mgongoni pangu kila usiku amenishika sikio. Sumaila alisema twende. Sikutaka. Niliogopa watu wa Mbau, lakini zaidi nilimwogopa mtu mmoja. Ningeingiaje kwenye hitima ya mama wa mtu nikiwa mzima wa afya, nimenona? Sumaila akasema neno lake moja la mwaka: "Usipokwenda, utakuwa unajificha mpaka lini?"

Tulishukia Awasse, tukapata gari jingine la kuingia Mbau. Dua ilikwisha kuanza. Nilikaa na wanawake nyuma kabisa, ushungi umenifunika mpaka machoni, nikaitikia amina pamoja na wenzangu. Sahani za wali zilipoanza kupita nilidhani nitapitwa, nami ningeshukuru. Kisha niliona miguu ya mwanamume imesimama mbele ya jamvi letu, na wanawake wakasogea kumpa nafasi. Alikuwa Rajabo, ameshika sahani kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda. Aliiweka mbele yangu, akachuchumaa, mahali ambapo mwanamume hakai.

"Sijakubali," alisema. "Nimefikiri usiku na mchana, na mpaka leo sijakubali."

Nilimwambia najua.

"Lakini kula, dada. Ni mpunga wake." Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu ile Jumamosi, kwa makini, kama anavyotazama gunia linaposhushwa. "Kula nikuone. Nataka nione tulichonunua."

Nikafunua ushungi, nikanawa. Nilikula wali ule tonge kwa tonge mbele ya wanawake wa Mbau, na Rajabo akakaa palepale amechuchumaa mpaka sahani ikaisha.